Barabara Ilipofika Theth

Marehemu baba yangu alikuwa na redio moja kubwa ya betri, na usiku, taarifa ya habari ya Dar es Salaam ikishakwisha, alipenda kuzungusha kile kitufe taratibu akizitafuta stesheni za mbali za masafa mafupi. Alikuwa akizipata Moscow, Beijing na London, na katikati yao sauti moja kavu ya Kiingereza iliyojitambulisha kuwa ni Tirana. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Nilimuuliza Tirana ni wapi, akanijibu, "Ni nchi iliyogombana na kila mtu." Nilipokuja kusoma historia niliona mzee hakukosea. Albania ya Enver Hoxha ilivunja urafiki na Yugoslavia mwaka 1948, na Urusi mwaka 1961, na mwaka 1978 ikafarakana na China iliyokuwa mfadhili wake wa mwisho.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniandikia akitaka nimfafanulie huu utalii unaoitwa utalii wa mazingira, na hasa ule wa watu wanaolipa fedha zao ili wakateseke milimani. Tena ameuliza kama Ulaya kwenyewe, pamoja na viwanda vyake vyote na reli zake, bado kuna mahali ambapo hapajaharibiwa. Swali ni zuri, nami nina jibu nililolitembelea kwa miguu yangu mwenyewe. Mwezi Septemba mwaka 2024 nilikuwa Tirana kwa semina ya waandishi wa redio. Semina ilipomalizika nilibakiwa na siku nne, na mwenzangu mmoja wa huko akanishauri nisizimalizie hotelini bali niende kaskazini, kwenye milima.

Kwa Kialbania milima hiyo huitwa Bjeshkët e Nemuna, maana yake Milima Iliyolaaniwa. Zipo hadithi kadhaa kuhusu aliyeilaani na sababu yake. Mtu anayeipanda kwa miguu hana haja ya kuulizia sana. Imekaa pale zinapokutana Albania, Kosovo na Montenegro. Kilele chake kirefu, Maja e Jezercës, kina mita 2,694. Kwetu sisi tunaoijua Kilimanjaro ya mita 5,895 takwimu hiyo haitishi, lakini urefu pekee haukuelezi kitu. Kule jabali linasimama wima kama ukuta wa boma, jeupe, na chini yake kuna misitu mikubwa ya miti inayopukutisha majani kila mwaka ikifika baridi. Dubu bado wamo, mbwa mwitu bado wamo. Sehemu ya misitu hiyo, katika bonde la mto Gashi, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa kuwa ni mabaki ya misitu ya kale ambayo kwingineko Ulaya ilikwishakatwa karne nyingi zilizopita.

Mwaka 2022 serikali ya Albania iliziunganisha hifadhi za Theth, Valbona na Gashi ikazifanya hifadhi moja kubwa ya taifa yenye zaidi ya hekta 80,000.

Sasa, kwa nini mahali hapo hapakuharibiwa? Hapa ndipo wenye kuandika vijarida vya kitalii wanapopita haraka, nami naomba tukae kidogo. Milima hiyo haikuhifadhiwa na mtu aliyeipenda. Ilihifadhiwa na dhiki. Kwanza theluji: wakati wa baridi ilikuwa ikifunga njia miezi mingi, na familia nyingi za Theth zina desturi ya kuhamia mjini Shkodër mpaka majira ya kuchipua. Pili, utawala. Kwa zaidi ya miaka arobaini mpaka ule wa kaskazini ulilindwa kwa bunduki, na mwananchi aliyejaribu kuuvuka alijitia katika hatari ya kupigwa risasi. Gari la binafsi lilikuwa marufuku. Mwaka 1967 hata dini ilipigwa marufuku, makanisa na misikiti vikafungwa. Utawala ulipoanguka mwaka 1991 watu walipata ruhusa ya kuondoka, wakaondoka kweli. Halafu mwaka 1997 makampuni yaliyokuwa yamewaahidi wananchi faida za ajabu juu ya akiba zao yalifilisika kwa mkupuo. Watu waliokuwa wameuza ng'ombe na nyumba ili kuweka fedha humo wakabaki mikono mitupu, na nchi ikaingia katika ghasia. Bondeni Theth nyumba za mawe zenye mapaa ya vibao zikabaki na wazee, au na popo.

Basi anapokuja mgeni kutoka Berlin au Amsterdam akashusha pumzi na kusema, "Ah, hapajaguswa," ni vyema ajue kwamba analolisifu ni pengo waliloliacha wenyeji waliokimbia.

Mabadiliko yalianza na jambo dogo. Kuanzia mwaka 2006 hivi, shirika la misaada ya kiufundi la Ujerumani lilizisaidia baadhi ya familia za Theth kutengeneza vyumba vya kupokea wageni. Hawakujenga hoteli. Walisaidia vitanda, mabafu na vyoo, na kuweka alama kwenye njia za miguu. Nyumba ikabaki ya mwenyewe, na mama mwenye nyumba ndiye mpishi. Naomba usifikirie gesti zetu za uswahilini, zile zenye taa nyekundu na muziki mpaka alfajiri. Fikiria umekwenda kijijini kwa shangazi yako, ila asubuhi unamlipa.

Baadaye, mnamo mwaka 2012, ikazinduliwa njia ndefu ya miguu inayozunguka nchi zote tatu, yenye kilomita 192, ambayo mtu huitembea kwa siku kumi hivi akilala kila usiku katika kijiji tofauti. Wameiita Vilele vya Balkan. Unapokumbuka kwamba katika miaka ya 1990 eneo hilo hilo lilizungukwa na vita vya Yugoslavia, na kwamba Kosovo ilichomwa moto mwaka 1999, utaona kuwa kuwashawishi polisi wa nchi tatu wamruhusu mtu mwenye shanta mgongoni avuke mpaka juu ya mlima, mahali pasipo na ofisi wala mlingoti wa bendera, haikuwa kazi ndogo. Kilichotakiwa ni kibali kilichoombwa mapema. Nilizungumza na kijana mmoja anayeongoza wageni, akaniambia babu yake alihudumu jeshini akilinda mstari ule ule ambao yeye sasa anauvuka mara mbili kwa juma akiwa na Waholanzi wanaolalamikia malengelenge.

Huo, msikilizaji wa Temeke, ndio utalii wa mazingira kwa maana yake halisi. Masharti yake yanajulikana: mahali pabaki pazima baada ya mgeni kupita, fedha zibaki kwa mwenyeji, na mgeni aondoke amejifunza kitu. Ukiongeza kwamba mgeni anatumia miguu yake na anakubali kunyeshewa, unapata ule wa kujitosa. Mateso ni sehemu ya bidhaa. Mtu aliyekaa ofisini miezi kumi na moja anataka mwezi wa kumi na mbili akumbushwe kuwa ana magoti.

Mimi nilikumbushwa vizuri sana. Kutoka Theth kwenda Valbona ni mwendo wa saa sita hadi nane, kwa kupitia uwazi baina ya vilele ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa Theth iko kwenye mita 800 hivi, unapanda kilomita nzima kwenda juu. Njia imewekwa alama ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya mawe na miti. Msituni kuna kivuli na ni raha. Ukitoka msituni ni kokoto, jua, na kushoto kwako genge. Nilipitwa na bibi mmoja wa Kijerumani ambaye namkadiria miaka sabini, akanisalimu kwa adabu, sikumwona tena. Nilipitwa pia na nyumbu waliobeba mabegi ya wageni, kwa maana ipo biashara hiyo: ukishindwa kubeba, mwenye nyumbu atakubebea kwa malipo, na hapo utakutana na familia nyingine inayopata riziki yake kutokana na uvivu wako. Pale juu nilikaa chini nikatazama mabonde mawili kwa pamoja. Nyuma yangu Theth, bonde la Wakatoliki, na kanisa lake dogo lililojengwa mwaka 1892. Mbele yangu Valbona, ambako wengi wa wenyeji ni Waislamu. Waliotoka huku na waliotoka kule wamekuwa wakioana na wakiuana kwa karne nyingi, kwa mujibu wa sheria moja.

Sheria hiyo inafaa kuelezwa, maana bila yake hutaielewa hata ile biashara ya kulaza wageni. Inaitwa Kanuni ya Lekë Dukagjini. Ni mila ya mdomo ambayo padri mmoja Mfransisko, Shtjefën Gjeçovi, alijitaabisha kuikusanya. Yeye aliuawa mwaka 1929, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1933. Kanuni hiyo ndiyo iliyoendesha visasi vya damu, na pale Theth upo mnara wa mawe wenye madirisha membamba kama matundu ya bunduki, ambamo mwanamume anayewindwa alijifungia mpaka wazee wasuluhishe. Lakini Kanuni hiyo hiyo ilimpa mgeni hadhi kubwa mno. Akishaingia ndani akapewa mkate na chumvi, damu yake ni juu ya mwenye nyumba. Hata akiwa adui, ndani ya nyumba hagusiki, na akiondoka husindikizwa. Mwingereza mmoja, bibi Edith Durham, aliyapita mabonde hayo mwaka 1908 akiwa mwanamke peke yake miongoni mwa wanaume wenye bunduki, akarudi kwao salama na mwaka uliofuata akatoa kitabu. Kumtoza mgeni fedha katika nyumba ya namna hiyo ilikuwa aibu. Wenyeji waliniambia kwamba wale wa kwanza waliopewa vitanda na Wajerumani walitatizwa na bei kuliko kitu kingine chochote. Walikuwa hawajui waitaje mdomoni.

Mama aliyenipokea Theth hakuwa na tatizo hilo tena. Nililipa euro 35, pamoja na chakula cha usiku na cha asubuhi. Kijana wake, aliyesomea Italia, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nikafanya udadisi wa kihasibu, kama ilivyo tabia yetu waandishi. Jibini ilitoka kwa jirani anayepandisha kondoo malishoni wakati wa kiangazi. Asali ilikuwa ya shemeji yake. Viazi, maharage na mahindi ya mkate vilitoka shambani mwake, hatua ishirini kutoka mezani. Kilichotoka nje kilikuwa kahawa, sukari, na kamisheni ya kampuni ya mtandaoni iliyoniuzia kitanda hicho ikiwa mbali huko, bila kumenya hata kiazi kimoja. Chakula chenyewe kiliitwa fli. Ni uji wa unga wa ngano unaomiminwa tabaka moja moja kwenye sinia pana, na kila tabaka huivishwa kwa kifuniko cha chuma kilichopashwa kwenye makaa. Mwana wa pwani angekielewa mara moja: ni moto wa juu. Kinachukua saa mbili na zaidi kukipika, na wakati wote huo mama alikuwa ameinama.

Sasa nifike kwenye barabara, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka niliokwenda mimi lami ilikuwa imeshafika. Hapo zamani kutoka Shkodër hadi Theth ilikuwa kazi ya nusu siku katika gari lenye magurudumu manne yanayovuta, dereva akimtaja Mungu kwenye kila kona. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2020 lami ikakamilika, na mimi nilipanda kwenye basi dogo nikasinzia njiani. Ukishuka, kitu cha kwanza unachokiona Theth si kanisa wala ule mnara. Ni magari. Kulikuwa na watu waliokuja kupiga picha na kurudi alasiri ile ile, wakiwa wamenunua kahawa moja. Kulikuwa na zege mbichi na nondo zilizosimama juu ya paa zikingoja ghorofa nyingine. Muziki ulitoka mahali nisipopaona. Kijana wa yule mama alisema kwa unyonge kwamba wageni wao wa zamani, wale wa siku kumi, wameanza kuulizia bonde lingine lisilo na lami.

Nami, kwa ujinga wa mgeni, nikakubaliana naye. Nikasema barabara imeharibu. Mama alimtaka mwanawe amfasirie nilichosema. Alipoelewa aliacha kupanga vikombe. Akasema kwamba majira ya baridi ya mwaka mmoja, kabla ya lami, mtoto wa dada yake alishikwa na homa usiku na theluji ilikuwa imefika dirishani. Hakusema mtoto aliishia wapi. Alisema tu, "Mwambie kwamba barabara ile tuliiomba kwa miaka sitini," kisha akaendelea na vikombe vyake.

Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina lote. Ninachoweza kusema ni kwamba lami na zege ni vitu viwili, ingawa huja kwenye lori moja. Mtoto mgonjwa alihitaji lami. Hakuna mgonjwa aliyehitaji hoteli ya ghorofa nne katikati ya hifadhi ya taifa. Kinachotenganisha viwili hivyo ni kibali cha ujenzi, yaani afisa mmoja, mezani, na mhuri wake. Na bonde linalopata lami kabla halijapata afisa mwenye msimamo limeshachelewa. Albania nzima inakimbizwa na jambo hili. Ni nchi yenye watu milioni 2.4 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2023, na mwaka huo huo iliingiza wageni milioni kumi kutoka nje. Mwaka 2024 walikaribia milioni kumi na mbili.

Wengi wao huishia ufukweni, lakini wanaopanda milimani wanatosha kulijaza bonde.

Upande wa Valbona ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. Huko kuna mto wa maji ya kijani kibichi, baridi kiasi cha kuumiza meno. Ulitolewa mpango wa kujenga mitambo kadhaa midogo ya umeme wa maji kwenye mto huo, mingine ndani kabisa ya hifadhi, ikiyapitisha maji kwenye mabomba na kuyaacha mawe yakiwa makavu kwa kilomita nyingi. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Walidai kwamba katika orodha ya watu waliosemekana kushirikishwa na kuafiki mlikuwa na saini za marehemu. Kesi zilivutana kwa miaka, na wakati zinavutana mtambo mmojawapo ulijengwa. Nimeuona. Umeme ni kitu chema, na Albania inategemea maji kwa karibu umeme wake wote. Hata lile bwawa refu la Koman, nililolivuka kwa pantoni siku ya tatu kati ya magenge yanayofanana na korongo la kuzimu, ni kazi ya wahandisi wa enzi ya ukomunisti walioufunga mto Drin. Huko Koman kuna chombo wanachokikumbuka kwa kicheko, boti ambalo juu yake lilikuwa ni bodi la basi la abiria lililochomelewa. Lakini wenye nyumba za wageni wa Valbona wana hoja nyepesi: anayetoka Berlin haji kutazama bomba.

Na hapa ndipo utalii ule mdogo ulipofanya kazi ambayo sikuitarajia. Kabla yake, mto ule mbele ya mahakama ungekuwa maji tu yanayopita. Baada yake kulikuwa na watu wenye vitanda, wenye vitabu vya mapato, waliokuwa na uwezo wa kusema, "Mkiukausha, mimi napoteza kiasi hiki." Walipata angalau sauti ya kudai, ingawa hawakushinda kila kitu.

Mwaka 2025, miezi kadhaa baada ya kurudi kwangu, nilisoma kwamba serikali imepeleka matingatinga Theth kubomoa majengo iliyosema yamejengwa bila kibali. Ulizuka mzozo mkubwa, wengine wakishangilia kuwa hatimaye sheria imepanda mlima, wengine wakiuliza hiyo sheria ilikuwa wapi zege lilipokuwa linamwagwa mchana kweupe. Nilimpelekea ujumbe yule kijana. Alijibu kwamba nyumba ya mama yake imesimama, ni ya mawe, ni ya babu wa babu. Jirani aliyeongeza vyumba sita vya mbao kwa mkopo hakusalimika. Niliuliza kama ni yule mwenye jibini. Akajibu ndiye.

Kuna jambo nililiruka katika masimulizi. Asubuhi ile nilipoondoka Theth, yule mama alivaa viatu na kunisindikiza, kama ilivyokuwa desturi yao, mpaka mwisho wa shamba lake penye geti la mti. Akanipa kifurushi cha mkate na jibini kwa ajili ya njiani. Kisha akachomoa mfukoni mwa aproni kikadi kidogo chenye ile michoro ya miraba myeusi inayosomwa kwa simu, akaninyooshea vidole vitano, akasema neno la Kiingereza ambalo nadhani ndilo pekee alilokuwa nalo: nyota. Nilimpa zote tano palepale getini, mtandao ukisuasua, naye akasimama akingoja mpaka simu yangu iliposema imepeleka.